Kukata vitunguu bila kutoa machozi: noa kisu, ondoa sinia mapajani

Mpishi wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Naomba tujadili jambo lililomo kwenye kila jiko na ambalo tumezoea kulivumilia tu: machozi ya vitunguu. Mimi napika kwenye shughuli hapa Tanga, harusi, maulidi, hitima. Mtu anayekata kitunguu kimoja cha mchuzi wa nyumbani analia kidogo, anajifuta, maisha yanaendelea. Lakini kina mama wanaokabidhiwa gunia zima baada ya alasiri ili pilau liingie motoni usiku, hao wanaumia. Macho yanawaka, mtu haoni vizuri kisu kinapita wapi, na vidole vingi ninavyoviona vikifungwa vitambaa kwenye shughuli vimekatwa hapo kwenye vitunguu, wala si kwenye nyama. Hilo ndilo lililonisukuma kufungua uzi huu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Tiba nyingi tunazorithishana hazigusi chanzo. Njiti ya kiberiti mdomoni, kipande cha mkate kati ya meno, bigijii, kijiko, kuvua viatu, nimeyasikia yote. Kinachosaidia kweli ni kisu kikali, umbali kati ya uso wako na vitunguu ulivyokwisha kukata, na upepo unaopita ubavuni. Basi. Na hakuna hata kimoja kinachohitaji pesa ya maana.

Nieleze kwa nini. Kitunguu kizima hakimlizi mtu, hata ukilala na gunia chumbani. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyotengwa, kila kimoja kwenye sehemu yake ya seli. Kisu kikivunja kuta za seli, vitu hivyo vinakutana na inazaliwa gesi. Gesi inapanda, inagusa unyevu wa jicho, jicho linawashwa na kujisafisha kwa machozi. Wenye kemia yao watatufafanulia zaidi, nawakaribisha. Kwa sisi wapishi kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, kadiri unavyoponda seli nyingi ndivyo gesi inavyozidi. La pili, ambalo watu wengi hawalijui, gesi hiyo haitoki mara moja ikaisha. Hufikia kilele kama nusu dakika baada ya kukata, na huendelea kutoka kwa dakika kama 5 hivi.

Sasa tazameni tunavyokaa. Mama ameketi kwenye kigoda, sinia liko mapajani, kitunguu kiganjani, kisu kinavutwa kuelekea kidole gumba, vipande vinadondokea kwenye sinia. Huo ni ustadi mkubwa na sitaki mtu yeyote auite ushamba, bibi zetu wamelisha mji mzima kwa mtindo huo. Ila uso unakuwa juu kabisa ya lundo. Kinachokuliza wakati huo ni kitunguu kilicho mkononi pamoja na vyote ulivyokata dakika 2 au 3 zilizopita, ambavyo bado vinatoa gesi chini ya pua yako. Unalia kwa sababu ya vitunguu ambavyo umeshamalizana navyo.

Kwa hiyo kwenye timu yangu sinia mapajani nimeliondoa. Tunakata mezani, juu ya kibao, tukiwa tumesimama au tumekaa kwenye viti virefu. Ukimaliza vitunguu vichache unavisukumia kwenye beseni lililo mbali na wewe, upande ambao upepo unaelekea, na beseni linafunikwa kwa sinia. Jambo dogo, lakini tofauti utaiona jioni hiyohiyo.

Kisu nacho. Kisu butu hakikati kitunguu, kinakiponda kabla ya kupenya. Angalia kibao chako: ukiona maji meupe meupe yanachuruzika na kingo za vipande zimelowa na kupondeka, kisu hicho ndicho kinachokuliza. Kisu kikali kinaacha uso wa kitunguu unang'aa, kila tabaka limesimama peke yake, na kibao kinabaki karibu kikavu. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani walipiga picha za kasi kubwa za kisu kikiingia kwenye kitunguu. Waliona vitone vidogo sana vya majimaji vikiruka juu kwa nguvu, na wakakuta kwamba makali ya kisu na kukata taratibu hupunguza vitone hivyo. Yaani ile kukata kwa pupa ili umalize haraka, ukiwa na kisu butu, ndiyo inayokuletea machozi.

Upepo: pangaboi la juu ya kichwa halisaidii, linairudisha gesi chini usoni. Feni ya mezani iwe ubavuni mwako ipulize kupita juu ya kibao. Kama hakuna umeme, hamia kibarazani.

La mwisho kwa leo: kitako chenye mizizi usikikate mwanzoni. Kikibaki, kinashikilia matabaka yote pamoja, kitunguu hakitelezi na kidole kinasalimika.

Nawasilisha. Karibuni.

Mdau wa Buza

Dada, uzi mzuri. Lakini njiti ya kiberiti mimi imenisaidia tangu nikiwa mdogo. Mama alikuwa anasema salfa ya kiberiti inaivuta ile ya kitunguu kabla haijafika machoni. Unaziweka njiti 2 mdomoni vichwa vikiwa nje na hulii. Mnalipingaje hilo?

Mpishi wa Ngamiani

Mkuu, simpingi mama, Mungu amjalie. Ila fikiria gesi inavyosafiri. Inapanda kutoka kwenye kibao na kuenea usoni kote. Kichwa cha njiti ambayo haijawashwa hakivuti hewa wala hakinyonyi kitu. Labda ukiwa na njiti mdomoni unanyoosha shingo na kukaa mbali kidogo na kibao, hapo kweli utapata nafuu, ila aliyekusaidia ni umbali. Na wazazi wenzangu, watoto wanaojifunza kupika tusiwape njiti mdomoni. Kichwa cha njiti kina kemikali za kuwashia moto, si kitu cha kulambwa.

Mwalimu wa Kemia Moro

Nimekuja, mwanzisha uzi umeniita mwenyewe.

Maelezo yako ni sahihi, naongeza nyama tu. Kitunguu hunyonya salfa kutoka ardhini na kuihifadhi kwenye viambata vya asidi amino. Mahali pengine ndani ya seli hiyohiyo, kwenye kifuko, kimekaa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kinachoitwa aliinesi. Ukuta ukivunjika, aliinesi inavishambulia viambata hivyo na kutengeneza asidi isiyotulia. Kwa miaka mingi wanasayansi walidhani asidi hiyo inajigeuza yenyewe kuwa gesi ya machozi. Mwaka 2002 watafiti wa Japani, wakiwemo wa kampuni ya vyakula ya House Foods, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba kuna kimeng'enya cha pili kinachofanya kazi hiyo mahsusi. Bila hicho cha pili, kitunguu kinabaki na harufu na ladha yake lakini hakilizi. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Ig Nobel ya kemia mwaka 2013, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha unafikirisha.

Gesi yenyewe ni propanethiali S-oksaidi. Ikifika kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, inagusa ncha za neva, ubongo unapata taarifa kwamba jicho limevamiwa, na tezi za machozi zinafunguliwa. Ndiyo maana kumfunga mtu pua hakusaidii. Jicho lenyewe ndilo linaloguswa.

Wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka kuhusu kitunguu saumu. Nacho kina salfa, kina aliinesi, kinanuka kuliko ndugu yake, mbona hakilizi? Jibu ni kwamba hakina kile kimeng'enya cha pili, na viambata vyake ni vya aina nyingine kidogo, kwa hiyo kinaishia kutengeneza alisini, yenye harufu kali lakini isiyokwenda machoni kwa namna ile.

Na moto unamaliza mchezo wote. Vimeng'enya ni protini, vikipata joto la kutosha vinaharibika. Ndiyo maana vitunguu vilivyoingia kwenye mafuta ya moto haviendelei kumliza mtu.

Jiko la Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Mie ni mpishi wa hoteli, na vitunguu twakata kila siku, vya biriani, vya supu, vya kachumbari. Mama wa Tanga, hapo kwa kisu wasema kweli tupu. Kijana akija kwetu kujifunza, wiki ya kwanza hapewi kitunguu, apewa jiwe la kunolea.

Naongeza njia ya kukata. Kitunguu kipasue katikati kutoka juu hadi kitakoni, kisha kilaze upande bapa chini. Usikiache upande uliokatwa waangalia juu, huo ndio watoa mvuke. Kikilala, kibao chenyewe chakifunika. Watu wengi hupasua vitunguu vyote kwanza, wakavipanga vikiangalia juu kama vikombe, ndipo waanze kukata kimoja kimoja, kumbe wamefungua vyanzo ishirini kwa mpigo. Pasua kimoja, maliza kimoja.

Na kwa biriani kata kwa urefu, kufuata mistari ya kitunguu, si kwa kupitisha kisu katikati yake. Vipande hukaa vizuri kwa mafuta bila kuvurugika, na kwa uzoefu wangu macho pia hupata nafuu.

Sisi twatumia friji pia. Vitunguu vyakaa kwa baridi nusu saa kabla ya kukatwa. Na ndimu twapaka kwa kibao. Mwalimu, haya mawili wasemaje?

Mwalimu wa Kemia Moro

Kaka wa Kisauni, ahsante sana kwa hilo la kulaza upande uliokatwa.

Baridi: kwa kemia peke yake ina mantiki, kwa sababu vimeng'enya hufanya kazi polepole kwenye baridi na gesi hupanda polepole. Lakini watafiti wale wa Cornell aliowataja mwanzisha uzi walipima vitone vinavyoruka, na kitunguu cha baridi hakikupunguza vitone, kilitoa majimaji mengi zaidi. Kwa hiyo baridi inakupa hapa na kukunyang'anya pale. Ukiwa na kisu kikali na friji ipo, sioni ubaya. Ukiwa na kisu butu, usitegemee friji ikuokoe.

Ndimu: asidi huvuruga vimeng'enya, hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba ndimu uliyopaka kwenye kibao inagusa ule uso wa chini tu wa kitunguu. Kisu kikiingia ndani kunafunguka seli mpya ambazo ndimu haijazifikia. Nafuu yake ni ndogo.

Mama Lishe Kibaha

Mimi naloweka kwenye maji. Namenya, napasua mara mbili, natumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, ndipo nakata. Machozi yanapungua kabisa. Mbona hamjaitaja hii?

Mpishi wa Ngamiani

Mama yangu, maji yanasaidia, sikatai. Gesi ile na yale majimaji makali yanaishia kwenye maji badala ya kuja usoni. Kwa vitunguu vya supu au kachumbari endelea nayo kwa moyo mweupe.

Ila kwa pilau na biriani sikushauri. Rangi ya pilau letu inatokana na kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa kahawia iliyokolea. Kitunguu kilicholowa kikiingia kwenye mafuta kwanza kinarusha mafuta, na mikono ya watu inaungua. Pili kinaanza kuchemka badala ya kukaangika, kinalainika na kuwa uji kabla hakijashika rangi, unasubiri weee, na ukija kuongeza moto kinaungua pembeni na kuwa kichungu. Pilau inatoka nyeupe, watu wanaanza kuulizana nani kapika. Vitunguu vya kukaanga lazima viwe vikavu. Kwa hivyo tegemea kisu na umbali.

Halafu kitunguu kilicholoa kinateleza. Kama unakatia mkononi, tafadhali kifute kwanza.

Shamba la Eyasi

Wakuu, wapishi mmesema, acha na mkulima aseme. Mimi nalima vitunguu Mang'ola, wilaya ya Karatu, huku karibu na Ziwa Eyasi, tunamwagilia maji ya chemchemi.

Ukali wa kitunguu unaanzia shambani. Mwalimu kasema kitunguu hunyonya salfa ardhini. Basi ardhi yenye salfa nyingi, au shamba lililowekwa mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ambayo ndani yake ina salfa, hutoa kitunguu kikali kuliko ardhi maskini ya salfa. Maji nayo yana sehemu yake. Kitunguu kilichopata maji mengi kinakuwa kikubwa, kina majimaji na ukali wake ni mdogo. Kilichokua kwenye jua kali na maji ya kubana kinakuwa kigumu na kikali. Kule Marekani, jimbo la Georgia, wana vitunguu vitamu maarufu vinavyoitwa Vidalia, na siri yake kubwa ni udongo wenye salfa kidogo.

Na mbegu. Nyekundu zetu, Red Bombay, Red Creole na hii Mang'ola Red, ni kali. Zile za njano na nyeupe kama Texas Grano ni za upole.

Sasa mtauliza, kwa nini msilime za upole zote tukapumzika na machozi? Kwa sababu kitunguu cha upole hakikai. Kina maji mengi, kinaoza ghalani. Kitunguu chekundu kikali, kikikaushwa vizuri shingo ikanywea na maganda yakakauka, kinakaa miezi, kinapanda lori hadi Kariakoo, kinavuka Namanga hadi Nairobi, na bado mama anakikuta kigumu sokoni. Mfanyabiashara akija shambani anabonyeza shingo kwanza, ikiwa laini anakipita. Ukali unaokuliza na uimara unaotufanya tuuze vinakaa kwenye kitunguu kimoja. Mimi kama mkulima siwezi kuuacha.

Ushauri wangu kwa wanunuzi wanaotaka visivyoliza sana, hasa vya kula vibichi: chagueni vikubwa, vya njano au vyeupe, vya maganda membamba, nunueni vichache na mvile mapema.

Msafiri Minnesota

Huku Marekani kuna vitunguu visivyoliza kabisa vinauzwa madukani, vinatoka majira ya baridi. Nimekata bila chozi hata moja. Ni vitamu, vibichi kwenye kachumbari unavitafuna kama tunda. Ila kwa mchuzi wa nazi na pilau nimerudi kwenye vyekundu, mimi mdomo wangu umezoea ukali ule.

Mwalimu, hivi hivyo vimetengenezwaje? Ni vya maabara?

Mwalimu wa Kemia Moro

Kuna njia tofauti, ndugu yangu wa Minnesota.

Vinavyojulikana Marekani kwa jina la Sunions vilipatikana kwa kuchagua na kupandisha mbegu kwa njia ya kawaida, kazi ya zaidi ya miaka 30. Wajapani wa House Foods walipiga mbegu mionzi ili zipate mabadiliko, wakachagua zile ambazo aliinesi yake imedhoofika sana. Kitunguu chao wakakiita Smile Ball na kuanza kukiuza mwaka 2015. Wanasayansi wa New Zealand nao, mwaka 2008, walitangaza kitunguu walichokizima kile kimeng'enya cha pili kwa uhandisi wa jeni.

Tofauti ya njia hizi ndiyo inayojibu suala la ladha ulilolileta. Ukidhoofisha aliinesi, unapunguza machozi pamoja na ukali na harufu, kwa sababu vyote vinaanzia kwake. Ukizima kimeng'enya cha pili peke yake, machozi yanaondoka na salfa inaelekea kwenye viambata vingine vya ladha. Kwa jiko linalotegemea kitunguu kubeba mchuzi mzima, kama letu, hii ya pili ndiyo ningependa kuiona siku moja kwenye mbegu zetu nyekundu. Ndugu wa Eyasi, nadhani hata wewe usingeikataa kama ingekuwa inakaa ghalani.

Shamba la Eyasi

Ikikaa miezi 4 bila kuoza na bei ya mbegu ikawa ya mkulima wa kawaida, nalima kesho.

Binti Mbagala

Samahanini wakubwa, mimi navaa lenzi za machoni badala ya miwani. Nimegundua nikizivaa silii kabisa, nikiwa sijazivaa nalia vibaya sana. Ni mawazo yangu au?

Mwalimu wa Kemia Moro

Si mawazo yako, binti. Lenzi inafunika konea, ndiyo sehemu yenye ncha nyingi za neva, kwa hiyo gesi haiifikii kirahisi. Miwani ya kawaida haifanyi kazi hiyo, kwa kuwa hewa inaingia pembeni, ingawa inazuia vitone vinavyoruka. Miwani ya kuogelea, inayobana kuzunguka jicho, inazuia kweli.

Angalizo kwako: ukimaliza kukata, usiziguse lenzi kabla hujanawa mikono kwa sabuni, vidole hadi kwenye kucha. Na kama siku hiyo umekata na pilipili, nawa mara mbili.

Mpishi wa Ngamiani

Naunga mkono hilo la mikono, na ni kwa wote, si wenye lenzi pekee. Machozi yakianza, mkono unakwenda wenyewe jichoni, na mkono huo umejaa maji ya kitunguu. Unaongeza moto juu ya moto. Ukishikwa, weka kisu chini, ondoka kwenye kibao, nenda kwenye hewa safi, acha machozi yatiririke. Yenyewe ndiyo yanayosafisha. Kama kunawaka sana, nawa mikono kwanza kisha osha macho kwa maji safi. Kujifuta kwa pindo la kanga uliyovaa tangu asubuhi jikoni hakufai, nayo imeshalowa.

Na kuna wanaosema ukate karibu na jiko linalowaka ili hewa ya moto iivute gesi juu. Nje, sawa. Lakini asitokee mtu akaingiza jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya vitunguu. Hewa ya mkaa inaua.

Kijana wa Chipsi Sinza

Wakuu mimi nina banda la chipsi, kachumbari inakatwa muda wote. Kisu changu ni kile cha mpini wa plastiki cha bei rahisi, jiwe la kunolea sina. Nifanyeje leo hii?

Jiko la Kisauni

Ndugu yangu, chukua kikombe cha kauri, kile cha chai. Kigeuze juu chini. Kitako chake kina ukingo wa duara usiong'aa, wakwaruza ukiugusa. Hilo ndilo jiwe lako. Weka kitambaa kibichi chini ili kisiteleze, tia maji kidogo pale kwa ukingo, laza kisu kikiwa kimeinuka kidogo tu mgongoni, kiasi cha kupitisha sarafu mbili tatu chini yake, kisha kivute kutoka mpini hadi ncha bila kukandamiza. Upande huu mara kadhaa, upande wa pili idadi hiyohiyo. Usibadilishe ule mwinamo, ndio siri yenyewe.

Kujaribu, usitumie kidole. Chukua nyanya iliyoiva, weka kisu juu ya ganda na ukivute bila kushindilia. Kikipenya chenyewe, tayari. Kikiteleza au nyanya ikabonyea, rudi kwa kikombe.

Kisu cha bei rahisi hakishiki makali kwa muda mrefu, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kufungua banda kipitishe. Na kwa kachumbari, ukishakata, tia chumvi, vikande kwa vidole taratibu, kisha vioshe kwa maji baridi na kuvikamua. Ukali watoka, mteja halii akila.

Kijana wa Chipsi Sinza

Nimejaribu sasa hivi na kikombe cha dada wa jirani. Nyanya imekatika yenyewe. Nawashukuru sana.

Mama Lishe Kibaha

Mpishi, swali la mwisho. Nina tenda ya watu wengi Jumamosi, arusi ya mtoto wa jirani, na wakataji ni wawili tu, mmoja macho yake mabovu. Naweza kukata vitunguu Ijumaa usiku ili asubuhi tusihangaike?

Mpishi wa Ngamiani

Usivikate, vimenye. Watu wengi tunaunganisha kumenya na kukata, kumbe kumenya peke yake hakulizi sana mradi hujaingiza kisu ndani ya nyama ya kitunguu. Huyo mwenye macho mabovu mpe kazi hiyo Ijumaa: aondoe maganda makavu, aache kitako, avipange vizima kwenye beseni safi, afunike kwa kitambaa, beseni likae mahali pa baridi. Ukivikata na kuvilaza hadi asubuhi vinatoa maji, vinanuka nyumba nzima, na vitakusumbua kwenye mafuta kama vile vya kulowekwa.

Jumamosi alfajiri huyo mwingine akate, kisu kiwe kimenolewa, meza iwe kibarazani. Na vya pilau unaweza kuvimaliza Ijumaa hiyohiyo kwa njia nyingine: vikate na uvikaange usiku, vikishika rangi uvichuje mafuta, uvitandaze kwenye sinia vipoe, ndipo uvifunike. Mafuta yaliyobaki usiyamwage, ndiyo utakayoanzia kuunga nyama.

Unapika kilo ngapi za mchele? Nijue, nikupigie hesabu ya vitunguu.